Boga Kubwa na Jani la Mboga: Somo la Kutunza Matawi na Afya ya Mmea wa Boga

Utangulizi

Mmea wa boga ni miongoni mwa mimea michache itupatiayo vyakula vitatu kwa pamoja: majani, tunda na mbegu. Katika Mkoa wa Mara, tangu Mukendo mjini Musoma hadi mashamba ya Bunda na Butiama, mmea huu hutambaa katikati ya mahindi na mtama, au kando ya nyumba, na majani yake machanga huchumwa yakawa kitoweo cha ugali muda mrefu kabla tunda halijakomaa. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo ni la jikoni na ni la sayansi pia: je, kila jani linalochumwa halipunguzi boga? Na ikiwa hulipunguza, ni kwa kiasi gani?

Katika nchi nyingine wako wakulima waupandao mmea huu kwa shabaha moja tu, yaani kupata boga zito kupita yote. Mwaka 1904, William Warnock wa Kanada alipeleka boga la ratili 403, yaani kilo 183 hivi, kwenye maonyesho ya dunia ya St. Louis, Marekani, na rekodi yake haikuvunjwa hadi mwaka 1976. Baada ya hapo Howard Dill, mkulima wa Nova Scotia, Kanada, alitoa mbegu aina ya Atlantic Giant, ambayo ndiyo asili ya takriban mabingwa wote waliofuata. Mwaka 2014 Beni Meier wa Uswisi alipima boga la kilo 1,054, na mwaka 2023 boga la kilo 1,247 lilipimwa California, Marekani.

Sisi hatuna haja ya kushindana na kilo hizo. Lakini mbinu za wakulima hao zimejengwa juu ya kanuni za mimea zilezile zinazofanya kazi katika bustani ya Musoma. Katika somo hili tutazichambua kanuni hizo, kisha tutaonyesha kwamba mtu akijua jani lipi la kuchuma na tawi lipi la kukata, mboga ya leo na boga la kesho si lazima vigombane.

Mmea wenyewe

Maboga yote yana asili ya bara la Amerika. Katika Afrika ya Mashariki tunapanda zaidi spishi mbili, Cucurbita maxima na Cucurbita moschata. Maboga makubwa ya mashindano ni ya spishi ya kwanza. Mwanafunzi anaweza kuzitofautisha kwa kutazama kikonyo cha tunda. Kikonyo cha maxima ni cha mviringo, kinene na laini kama gamba la mti lililovimba. Kikonyo cha moschata ni kigumu, kina pembe tano, nacho hupanuka kinapogusana na tunda. Hali kadhalika, majani ya moschata mara nyingi huwa na madoa meupe ya asili, ambayo mtu asiyejua huyadhania kuwa ni ugonjwa.

Shina la boga limegawanyika katika vifundo na pingili. Katika kila kifundo huota jani, na kwapani mwa jani hilo huwa na chipukizi lenye uwezo wa kuwa tawi. Hapohapo huweza kutokea ua, vikono, yaani nyuzi zijisokotazo ili kushika mimea mingine, na mizizi ya ziada iwapo kifundo kimegusa udongo wenye unyevu. Kwa hiyo kifundo kimoja kinaweza kuwa mwanzo wa tawi, wa tunda na wa mzizi. Mkulima atunzaye matawi huamua kila kifundo kifanye kazi gani.

Ili tuelewane, katika somo hili tutataja ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni shina kuu, litokalo kwenye mbegu. Ya pili ni matawi ya upande, yatokayo kwenye shina kuu. Ya tatu ni vitawi, vitokavyo kwenye matawi ya upande.

Chakula hutoka wapi, na huenda wapi

Jani lililokomaa hutengeneza sukari kwa usanisinuru. Sukari hiyo husafirishwa kupitia mirija ya floemu kwenda popote inapohitajika: kwenye mizizi, kwenye ncha zinazokua, kwenye maua na kwenye matunda. Mwaka 1930 mwanasayansi wa Ujerumani, Ernst Münch, alieleza kwamba sukari inapoingizwa kwa wingi katika mirija ya jani, maji huifuata kwa osmosisi, kanieneo huongezeka, na utomvu husukumwa kuelekea mahali ambapo sukari inatolewa na kutumiwa. Basi mmea una pande mbili: upande unaotoa na upande unaopokea. Mmea wa boga umetumiwa sana na wanasayansi katika uchunguzi huu, kwa sababu floemu yake ni pana, na shina likikatwa utomvu huonekana ukitoka kwa macho matupu.

Jambo lenye maana kubwa kwetu ni hili: si kila jani lililo kijani ni mtoaji. Mwaka 1973 Turgeon na Webb walichapisha uchunguzi wao kuhusu majani ya boga. Walionyesha kwamba jani changa huanza maisha yake likiwa mpokeaji, likilishwa na majani yaliyolitangulia. Badiliko huanzia kwenye ncha ya jani na kuteremka polepole kuelekea kikonyo chake, na jani huacha kabisa kupokea linapokaribia nusu ya upana wake wa mwisho. Tangu hapo ni mtoaji.

Sasa tulitazame jani lipendwalo jikoni. Mpishi hachumi jani lililokomaa, kwa kuwa ni gumu na lina manyoya makali. Huchuma ncha ya tawi pamoja na majani mawili au matatu yaliyo laini. Majani hayo ndiyo hasa ambayo bado yanapokea. Kwa hiyo anayechuma ncha haondoi mtoaji wa leo. Huondoa mlaji wa leo ambaye angekuwa mtoaji baada ya siku kadhaa. Kama mmea bado ni mdogo na unahitaji kuongeza majani, hasara ni kubwa. Kama mmea umekwisha kujitosheleza kwa majani na una tunda linalokua, kuondoa mlaji huyo kunaweza kuwa faida. Tofauti iko katika wakati na mahali pa kuchuma.

Hesabu ya boga

Tuchukue mfano wa kukadiria. Zao lililostawi vizuri huweza kutengeneza kiasi cha gramu 10 hadi 20 za uzito mkavu kwa siku kwa kila mita moja ya mraba ya ardhi iliyofunikwa na majani. Uzito mkavu ni ule unaobaki baada ya maji yote kukaushwa. Tuseme mmea wetu umefunika mita 12 za mraba, na tuchukue gramu 10.

Kwa siku moja mmea hutengeneza 12 × 10 = gramu 120. Tuseme nusu yake, gramu 60, huenda kwenye matunda, na nusu nyingine hutumika kwa mizizi, shina na majani. Kama sehemu kavu ya boga ni asilimia 10 na iliyobaki ni maji, gramu 60 kavu ni sawa na gramu 600 za boga bichi. Kwa siku 50 tutapata kilo 30.

Kilo hizo 30 ndizo bajeti ya mmea. Zikigawanywa kwa matunda manane, kila moja halitafikia kilo 4. Zikigawanywa kwa matatu, kila moja litakuwa la kilo 10. Je, tukiacha tunda moja litakuwa la kilo 30? Si lazima. Hapa mbegu ndiyo huamua. Mwaka 2015 Jessica Savage na wenzake nchini Marekani walilinganisha maboga makubwa ya mashindano na boga dogo lililo asili yake. Hawakuona kwamba ukubwa ulitokana na eneo la majani wala na uwezo wa majani kufanya usanisinuru. Tofauti waliyoiona ilikuwa katika umbo la ovari na katika wingi wa floemu kwenye vikonyo vya majani na vya matunda. Kwa maneno mengine, boga kubwa lina mlango mpana wa kupokea. Mbegu isiyo na mlango huo haiwezi kumeza bajeti nzima, na sukari isipochukuliwa, majani nayo hupunguza kazi.

Kwa sababu hiyo, mwenye mbegu ya mashindano huacha tunda moja, lakini mwenye mbegu ya kienyeji atafanya vema kuacha mawili au matatu. Vilevile tukumbuke jua. Katika latitudo ya digrii 50 kaskazini, mchana wa mwezi Juni una urefu wa saa 16 hivi. Musoma, iliyo digrii moja na nusu tu kusini mwa Ikweta, ina mchana wa takriban saa 12 mwaka mzima. Mwalimu asiwaahidi wanafunzi boga la tani.

Hesabu hiyohiyo hutuonyesha gharama ya kuchuma ovyo. Mtu akiondoa mita 2 za mraba za majani yaliyokomaa mwanzoni mwa siku hizo 50, mmea hupoteza gramu 20 kavu kwa siku. Nusu yake, gramu 10, ilikuwa ya matunda. Hiyo ni gramu 100 za boga bichi kwa siku, yaani kilo 5 kwa msimu. Na ugonjwa ukiyakausha majani yote siku ya 30, kilo 30 zitakuwa 18. Hapa tunaona kwamba utunzaji wa matawi na utunzaji wa afya ni sura mbili za hesabu moja.

Kupanga matawi

1. Kuelekeza shina kuu. Mmea ukiwa na majani matano au sita huanza kutambaa. Uelekezwe upande wenye nafasi, kwa kutumia vijiti viwili vilivyopandwa kama mkasi juu ya shina. Shina lisikunjwe kwa ghafla. Lisogezwe kidogo kidogo, hasa mchana, wakati linapokuwa laini kuliko asubuhi.

2. Kutandaza matawi ya upande. Matawi haya yaelekezwe kushoto na kulia ya shina kuu, kama mifupa ya samaki, yakiachana vya kutosha ili majani yasipandane. Jani lililo kivulini mwa jani jingine hutumia karibu kiasi kilekile linachotengeneza.

3. Kuondoa vitawi. Vitawi vya ngazi ya tatu hujaza nafasi, huzuia hewa na hufanya unyevu ukae juu ya majani. Hivi ndivyo vya kuchuma kwa mboga. Vichumwe vikiwa na urefu wa shubiri moja, wakati bado ni laini. Mwenye nyumba akifuata kanuni hii atapata mboga kila wiki, na wakati huohuo atakuwa amefanya kazi ambayo wakulima wa mashindano huifanya kwa mkasi na kuitupa.

4. Kufunika vifundo. Vifundo vya shina kuu na vya matawi ya upande vifunikwe kwa udongo kiasi cha kiganja. Vitatoa mizizi, na kila mzizi huongeza maji na madini. Katika udongo wa kichanga, ambao hukauka upesi, kazi hii ina manufaa makubwa. Tena shina lililoshikwa ardhini halipinduliwi na upepo wa ziwani.

5. Kukata ncha. Baada ya tunda kushika na kufikia ukubwa wa mpira wa miguu, ncha za matawi ya upande zikatwe. Majani mapya yatakayotokea baada ya hapo hayatakuwa na muda wa kurudisha walichokula. Ncha hizo nazo ni mboga.

6. Kulinda kikonyo. Tunda linapokua hunyanyuka na kusukuma shina lililo karibu nalo. Vifundo viwili vilivyo jirani na tunda visifunikwe, ili shina liweze kuinuka bila kung'oka kwenye kikonyo. Chini ya tunda kutandazwe mchanga au nyasi kavu, lisilale juu ya udongo mbichi.

Jambo la kukatazwa ni moja: majani makubwa yaliyo karibu na tunda yasichumwe. Hayo ndiyo yaliyo karibu zaidi na mlango.

Ua, nyuki na mkono wa mwanafunzi

Mmea wa boga una maua ya kiume na ya kike yaliyo mbalimbali katika mmea mmoja. Ua la kike hutambulikana kwa kiboga kidogo kilicho chini yake, nacho ni ovari. Ya kiume hutangulia kwa siku kadhaa, kwa hiyo mkulima asisikitike aonapo maua ya kwanza yakianguka bila tunda.

Maua hufunguka alfajiri na kufumba kabla ya adhuhuri. Katika muda huo mfupi chavua, ambayo ni nzito na ya kunata, haina budi kubebwa na nyuki, upepo hauwezi. Kiboga kisichopata chavua ya kutosha hugeuka manjano na kuanguka, au hukua upande mmoja tu. Uchavushaji wa mkono ni kazi rahisi: jioni, chagua ua la kike na la kiume yanayoelekea kufunguka kesho yake, uyafunge kwa uzi laini. Asubuhi lichume la kiume, uondoe petali zake, upake chavua kwenye sehemu zote za stigma, kisha ulifunge tena la kike. Tunda la namna hiyo tunajua baba yake na mama yake, na mbegu zake zafaa kutunzwa. Boga litakaloonekana kuwa na uchungu mkali lisiliwe wala mbegu zake zisipandwe, kwa sababu uchungu huo hutokana na kemikali yenye sumu iitwayo kukabitasini.

Afya ya mmea

Mwanafunzi ajifunze kwanza kutofautisha mmea mgonjwa na mmea uliochoka. Saa za adhuhuri majani mapana ya boga hulegea hata kama udongo una maji, kwa kuwa yanapoteza maji upesi kuliko mizizi inavyoyaleta. Yakisimama tena jioni hakuna tatizo. Yakibaki yamelegea hadi asubuhi, ama udongo umekauka, ama mizizi au shina lina dosari.

Ubwiri unga. Ni kuvu ianzayo kama madoa meupe ya unga juu ya jani, ambayo huenea hadi jani likakauka. Tofauti na kuvu nyingi, haihitaji maji juu ya jani. Hustawi hata mvua zinapokatika, hasa mahali penye msongamano na kivuli. Ndiyo maana huonekana sana mwishoni mwa msimu, wakati tunda linahitaji sukari zaidi. Kinga ya kwanza ni nafasi kati ya majani. Majani ya zamani yaliyoathirika sana yaondolewe na kufukiwa. Mwaka 1999 mtafiti Wagner Bettiol wa Brazili alionyesha kwamba maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji yaliudhibiti ugonjwa huu kwenye zukini, ambayo ni ndugu ya boga. Kipimo cha sehemu moja ya maziwa kwa tisa za maji chatosha kwa jaribio la shule. Lakini maziwa ni chakula, na mahali yalipo haba yaachiwe watoto.

Ubwiri vinyoya. Huu huhitaji unyevu juu ya jani. Madoa yake ni ya manjano, yenye pembe, kwa kuwa huzuiwa na vena za jani. Chini ya jani huonekana vinyoya vya rangi ya kijivu. Mwagilia chini ya mmea, si juu ya majani, tena asubuhi ili yaliyolowa yakauke mapema.

Batobato. Wakulima wa Mara wanalijua jina hili kutokana na mihogo. Kwenye maboga nako kuna virusi vinavyofanya jani liwe na mabaka ya kijani na manjano, lijikunje, na tunda liwe na vinundu. Batobato ya mihogo huenezwa na inzi weupe. Ya maboga huenezwa zaidi na vidukari. Kidukari huvipata virusi hivi kwa kuonja jani lenye ugonjwa kwa sekunde au dakika chache tu, na huweza kuviambukiza papo hapo kwenye mmea wa jirani. Kwa sababu hiyo dawa ya kuua wadudu haisaidii sana: kidukari huwa amekwisha kuambukiza kabla hajafa. Kinachosaidia ni kung'oa mapema miche yenye dalili, kuondoa magugu, na kutopanda karibu na maboga, matango au matikiti ya zamani yenye ugonjwa. Mistari ya mahindi au mtama kuzunguka bustani nayo husaidia, kwa kuwa kidukari aanzaye kuonja mimea hiyo husafisha kinywa chake kabla ya kufika kwenye boga. Desturi ya kuchanganya mazao ina hekima ndani yake.

Usafi wa kisu ni sehemu ya somo hili. Utomvu wa mmea mgonjwa unaweza kubebwa na kisu au vidole hadi kwenye mmea mzima. Mchumaji aanze na mimea yenye afya, amalizie na yenye mashaka, kisha aoshe mikono na kisu kwa sabuni.

Inzi wa matunda. Inzi jike hutoboa kiboga kichanga na kutaga mayai ndani yake. Funza hula nyama ya tunda, nalo huoza. Tunda lifunikwe kwa mfuko wa karatasi au kitambaa chepesi mara baada ya uchavushaji, hadi ganda lake litakapokuwa gumu. Matunda yaliyooza yasiachwe shambani. Yafungwe katika mfuko na kuanikwa juani, au yafukiwe kwa kina cha nusu mita.

Kuhusu dawa za viwandani, yako mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, dawa ya wadudu ikipulizwa asubuhi maua yakiwa wazi, huwaua nyuki, na bila nyuki hakuna boga. Pili, majani ya mmea huu ni chakula. Dawa isiyodhuru mlaji wa tunda linaloiva baada ya miezi miwili yaweza kumdhuru mtoto alaye majani baada ya siku mbili. Mahali ambapo majani huchumwa kila wiki ni salama zaidi kutotumia dawa hizo kabisa.

Udongo na maji

Boga hupenda samadi iliyooza vizuri, ichanganywe na udongo wa shimo kabla ya kupanda. Samadi mbichi huunguza mizizi, na naitrojeni ikizidi mmea huongeza majani malaini yapendwayo na vidukari. Matandazo ya nyasi huhifadhi unyevu. Kila msimu sehemu ya kupandia maboga ibadilishwe. Kwa walio kando ya Ziwa Viktoria, maji yachotwe na kuletwa bustanini. Bustani isipelekwe ukingoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye ukingo wa ziwa au mto.

Jaribio kwa darasa

Panda mimea 12 ya mbegu za aina moja mwanzoni mwa mvua za masika au vuli. Wakati wa kutoa matunda, gawa mimea kwa kura katika makundi matatu ya mimea minne. Katika makundi yote acha matunda mawili kwa kila mmea.

Kundi la kwanza: usichume jani lolote.
Kundi la pili: chuma vitawi vya ngazi ya tatu tu, vikiwa laini.
Kundi la tatu: chuma uzito uleule wa majani kama kundi la pili, lakini uyachukue majani yaliyokomaa popote yalipo.

Kila baada ya siku tatu pima mzingo wa kila tunda kwa uzi na rula, ukiandika tarehe. Pima pia uzito wa majani yaliyochumwa. Mwishoni pima uzito wa matunda na uchore grafu ya mzingo dhidi ya siku. Mchoro utakuwa na umbo la herufi S: polepole mwanzoni, haraka katikati, polepole tena mwishoni. Linganisha wastani wa makundi matatu. Kwa nini tumetumia mimea minne katika kila kundi na si mmoja? Kwa sababu mimea miwili ya mbegu moja haifanani kamwe, na tofauti ya mmea mmoja inaweza kuwa bahati tu.

Maswali

1. Eleza kwa nini jani changa huitwa mpokeaji ingawa ni la kijani.
2. Mmea umefunika mita 9 za mraba. Ukitumia makadirio ya somo hili, tafuta uzito wa matunda kwa siku 40.
3. Mkulima amepuliza dawa ya kuua vidukari kila wiki, lakini batobato imeendelea kuenea. Eleza sababu.
4. Kwa nini mbegu ya kienyeji haitoi boga la kilo 30 hata mmea ukiachiwa tunda moja?
5. Waulize wapishi watatu jinsi wanavyochagua majani ya kuchuma. Linganisha majibu yao na kanuni ya Turgeon na Webb.

Hitimisho

Mmea wa boga hauwezi kutoa zaidi ya kile ambacho majani yake yametengeneza. Kazi ya mkulima ni kuyalinda majani yanayotoa, kuwapunguza walaji wasio wa lazima, na kuhakikisha kwamba tunda lina mlango wa kupokea. Anayechuma kitawi laini na kuliacha jani pana lililo karibu na tunda anaitekeleza kanuni hiyo, awe ameisoma darasani au ameirithi kwa mama yake. Jaribio la mimea 12 litaonyesha, kwa vipimo vya bustani ya shule yenyewe, urithi huo una thamani ya kilo ngapi.